Nani Hubeba Hasara? Uhakiki wa Matini Zinazofundisha Biashara ya Muda Mfupi ya Mikataba ya Baadaye na ya Chaguo

Ikisiri

Makala hii inahakiki matini tatu ambazo, kwa nyakati tofauti, zimesomwa kama vitabu vya kujifunzia biashara ya muda mfupi katika masoko ya hisa, mikataba ya baadaye na mikataba ya chaguo. Matini hizo ni Confusión de confusiones ya Joseph Penso de la Vega (Amsterdam, 1688), Reminiscences of a Stock Operator ya Edwin Lefèvre (New York, 1923) na Way of the Turtle ya Curtis Faith (2007). Uhakiki umeongozwa na swali moja: somo linapokosea, matini inamweka wapi mtu aliyepata hasara? Makala inadai kwamba thamani ya matini za aina hii haipimwi kwa usahihi wa mbinu zake pekee, kwa kuwa mbinu ya soko haiwezi kuwanufaisha wote wanaoifuata. Inapimwa pia kwa namna matini inavyomwonyesha, inavyomficha au inavyomlinda mwenye hasara. Mwishoni, makala inaonyesha umuhimu wa kigezo hiki kwa msomaji wa Kiswahili ambaye sasa anakutana na utanzu huu.

1.0 Utangulizi

Matini inayofundisha biashara ya muda mfupi ina tatizo ambalo matini ya kufundisha useremala haina. Mtu akifuata maelekezo sahihi ya kutengeneza kiti hupata kiti, na kiti chake hakimzuii jirani kupata cha kwake. Katika mikataba ya baadaye hali ni tofauti. Mkataba wa baadaye ni mapatano ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyokubaliwa leo, huku makabidhiano au malipo ya tofauti ya bei yakifanyika tarehe ya mbele. Bei ikipanda, mnunuzi hupata kile hasa anachopoteza muuzaji. Ikishuka, muuzaji hupata kile anachopoteza mnunuzi. Wote wawili hulipa ada ya dalali na ya soko. Kwa hiyo, ukijumlisha faida na hasara za pande zote, kinachobaki ni upungufu unaolingana na ada hizo.

Mkataba wa chaguo unafuata hesabu hiyohiyo kwa njia nyingine. Mnunuzi hulipa ada ili apate haki, bila wajibu, ya kununua au kuuza kwa bei iliyowekwa kabla ya tarehe fulani au inapofika. Asipoitumia haki hiyo, ada hubaki kwa aliyeiuza. Ni kweli kwamba mkulima wa ngano au mwenye kiwanda anaweza kuingia katika mikataba hii ili kujikinga na mabadiliko ya bei, akakubali hasara ndogo sokoni kama mtu anayelipia bima. Hata hivyo, mfanyabiashara wa muda mfupi hana ngano ya kukinga. Anaingia asubuhi na kutoka jioni, au baada ya siku chache, akitarajia kwamba mtu mwingine amekadiria vibaya.

Kutokana na hali hii, kauli ya kwamba kila msomaji makini atafaulu haiwezi kuwa kweli kwa wasomaji wote kwa pamoja. Mwandishi wa matini ya aina hii analijua jambo hilo au analazimika kulisahau. Uamuzi wake kuhusu jambo hilo huonekana katika umbo la matini: nani anasimulia, nani anauliza, nani anapoteza, na nani ananyamaza. Hapo ndipo uhakiki wa kifasihi unapokuwa na kazi ya kufanya katika eneo ambalo kwa kawaida huachiwa wachumi.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Makala inatumia dhana mbili za nadharia ya upokezi. Ya kwanza ni dhana ya msomaji aliyedokezwa, iliyoendelezwa na Wolfgang Iser katika miaka ya 1970. Kwa mujibu wa dhana hii, kila matini hubeba ndani yake nafasi ya msomaji inayemtarajia, pamoja na mapengo ambayo msomaji huyo anatakiwa kuyajaza. Ya pili ni dhana ya upeo wa matarajio ya Hans Robert Jauss, yaani jumla ya mazoea ya kiutanzu na kitamaduni ambayo msomaji huja nayo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Katika matini za mafunzo ya biashara, pengo kubwa zaidi ni mtu wa upande wa pili wa mkataba. Msimulizi anaposema kwamba aliuza na bei ikashuka, kuna mtu aliyenunua. Mtu huyo hatajwi, lakini bila yeye tukio halikuweza kutokea. Makala inafuatilia namna kila matini inavyolishughulikia pengo hilo.

3.0 Confusión de confusiones: Mwanafunzi Anayeruhusiwa Kubisha

Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilianzishwa mwaka 1602, na hisa zake zikawa zinauzwa na kununuliwa Amsterdam kwa njia ambazo leo zinaonekana za kisasa: mauzo ya makabidhiano ya baadaye, mikataba ya chaguo, na mauzo ya hisa ambazo muuzaji hakuwa nazo. Mwaka 1610 serikali ilipiga marufuku uuzaji wa hisa zisizomilikiwa, na katazo hilo likarudiwa baadaye. Biashara iliendelea hata hivyo. De la Vega, Myahudi mwenye asili ya Iberia aliyeishi Amsterdam, aliandika kuhusu soko hili kwa Kihispania. Kitabu chake kilitoka mwaka 1688, mwaka uleule ambao bei za hisa zilianguka vibaya katika mji huo wakati safari ya kivita ya kuelekea Uingereza ilipokuwa ikiandaliwa.

Umbo la kitabu ni majibizano manne kati ya wahusika watatu: mwanafalsafa mwenye akili kali, mfanyabiashara mwenye busara na mwenye hisa aliyesoma sana. Mwenye hisa ndiye mwalimu. Wawili waliobaki ni wanafunzi, ingawa hawafanani na wanafunzi wa vitabu vingi vya mafunzo. Mwanafalsafa amezoea kudai hoja, naye mfanyabiashara amezoea kuuza vitu vinavyoonekana. Kila mmoja ana kipimo chake cha kumpimia mwalimu. Msomaji aliyedokezwa hapa ana viti viwili vya kukalia, na vyote ni vya mtu mwenye mashaka.

Mbinu zinazoelezwa ni halisi. Mwenye hisa anafafanua chimbuko la neno chaguo katika Kilatini, kisha anaeleza jinsi mtu wa kipato cha wastani anavyoweza kulipa ada na kuiweka hatari yake ndani ya kiasi kinachojulikana. Anaufananisha mkataba wa chaguo na tanga wakati wa safari njema na nanga wakati wa dhoruba. Msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo ya ziada kuhusu tashbihi hiyo. Vilevile, anawagawa watu wa sokoni katika kambi mbili: wanaotarajia bei kupanda na wanaotarajia ishuke. Wale wa kwanza anawafananisha na twiga, mnyama ambaye kwa maelezo yake hatishwi na kitu. Wale wa pili wanatawaliwa na hofu. Taswira ya mapatano yenyewe ni ya kimwili: watu wanapigana viganja ili kuthibitisha bei, hadi mikono inakuwa myekundu.

Kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni kanuni nne zinazotolewa katika majibizano ya pili. Ya kwanza inakataza kumshauri mtu yeyote anunue au auze hisa. Ya pili inataka faida ichukuliwe bila kujutia ile iliyokosekana. Ya tatu inasema kwamba faida ya sokoni ni kama hazina ya majini, ambayo mara ni kito na mara ni kaa la moto lililozimika. Ya nne inasema kwamba anayetaka kushinda anahitaji subira na fedha. Hakuna hata moja kati ya hizi inayomwambia msomaji wakati wa kuingia sokoni. Kanuni ya kwanza inafanya jambo la ajabu zaidi: inamzuia mwalimu asifanye kile ambacho mwanafunzi amekuja kukitafuta.

Umbo la majibizano linaifanya kanuni hiyo iwezekane. Kwa kuwa wanafunzi wamo ndani ya matini, mwalimu anawajibika kwao mbele ya msomaji. Akitoa ushauri mbaya, wapo wa kumwuliza. Zaidi ya hayo, sheria ya wakati ule ilimpa mwenye hasara mlango wa kutokea. Kwa sababu ya makatazo ya mauzo ya hisa zisizomilikiwa, mdaiwa aliweza kukataa kulipa kwa kutegemea amri iliyohusishwa na jina la mtawala Frederik Hendrik, na de la Vega analieleza jambo hilo waziwazi kama sehemu ya soko. Mwenye hasara katika matini hii ana sauti, na hata ana utetezi wa kisheria, ingawa heshima yake inaweza kupotea.

De la Vega anaona pia jinsi soko linavyoshusha ngazi ili watu wengi zaidi wapande. Anazungumzia hisa ndogo zilizoitwa kwa jina la sarafu ya dukatoni, ambazo thamani yake ilikuwa takriban sehemu ya kumi ya hisa kubwa. Kwa njia hiyo watu wasio na mtaji, hata vijana wadogo, waliingia mchezoni. Mei 2019 CME Group ya Chicago ilianzisha mikataba ya Micro E-mini. Ule wa fahirisi ya S&P 500 una ukubwa wa sehemu ya kumi ya E-mini: dola 5 kwa kila pointi badala ya dola 50. Uwiano ni uleule. Mkataba mdogo hupunguza hasara ya mtu mmoja na wakati huohuo huongeza idadi ya watu wanaoweza kuipata. De la Vega aliona pande zote mbili za jambo hilo.

4.0 Reminiscences of a Stock Operator: Hasara Inapogeuzwa Karo

Kitabu cha Lefèvre kilianza kutoka kwa mfululizo katika gazeti la Saturday Evening Post kabla ya kuchapishwa kama kitabu mwaka 1923. Kimetolewa kwa heshima ya Jesse Livermore, ambaye maisha yake ndiyo msingi wa msimulizi, Larry Livingston. Ni hadithi iliyosimuliwa kwa nafsi ya kwanza, lakini hadi leo wafanyabiashara wa muda mfupi huisoma kama mwongozo wa kazi.

Livingston anaanza akiwa na umri wa miaka 14, akiandika bei ubaoni katika ofisi ya dalali. Anagundua kwamba bei huwa na tabia zinazojirudia, na anaziandika katika kijitabu. Kisha anakwenda kwenye maduka ya dau, ambako mteja aliweka dola chache kama dhamana na kubashiri bei iliyoonyeshwa ubaoni. Hakuna hisa halisi iliyonunuliwa, na mwenye duka ndiye aliyekuwa upande wa pili wa kila dau. Faida yake ya kwanza ni dola 3.12. Akiwa na miaka 15 anapata dola 1,000 za kwanza. Hatimaye maduka yanamfukuza kwa sababu anashinda mno.

Sehemu inayofuata ndiyo yenye somo muhimu zaidi la kitabu kuhusu mbinu za muda mfupi, ingawa wasomaji wengi huipita haraka. Livingston anapofika New York na kuanza kutumia mbinu ileile katika soko halisi la hisa, anashindwa. Katika duka la dau, bei ya ubaoni ndiyo bei aliyopata. Katika soko halisi, agizo lake lilikwenda hadi ukumbini, na lilipotekelezwa bei ilikuwa imekwishahama. Tarehe 9 Mei 1901, siku ya vurugu ya hisa za Northern Pacific, makadirio yake yalikuwa sahihi kabisa, lakini utepe wa bei ulichelewa nyuma ya soko. Aliuza kwa bei za chini kuliko alizoziona na kununua kwa bei za juu kuliko alizozitarajia. Akafilisika akiwa na makadirio sahihi.

Kwa hiyo, mbinu ya Livingston haikuwa maarifa kuhusu bei peke yake. Ilikuwa maarifa kuhusu bei ndani ya utaratibu fulani wa utekelezaji. Utaratibu ulipobadilika, maarifa yalibaki yaleyale lakini faida ikatoweka. Matini inatoa ushahidi huu bila kuufikisha mwisho wake: mbinu inayofundishwa kwa mifano ya chati zilizopita inamfikia mwanafunzi bila utaratibu wa utekelezaji ulioizaa.

Kuanzia hapo hadithi inasogea mbali na biashara ya muda mfupi. Mzee Partridge, mhusika ambaye wenzake wanamcheka, anakataa kuuza hisa yake hata anaposhauriwa kuchukua faida, kwa hoja kwamba soko kwa ujumla linapanda na hataki kuipoteza nafasi yake. Livingston anakuja kuelewa kwamba fedha zake kubwa zilitokana na kutulia zaidi kuliko kufikiri. Ushindi wake mkubwa wa Oktoba 1907, ambapo anapata zaidi ya dola milioni moja kwa siku moja, unatokana na msimamo kuhusu hali ya jumla ya uchumi. Matini inayosifiwa kama chuo cha mbinu za haraka inamfundisha shujaa wake kuziacha mbinu za haraka.

Hata hivyo, usimulizi wa nafsi ya kwanza unazaa tatizo la kimaadili. Livingston anafilisika zaidi ya mara moja. Katika pamba anashawishiwa na Percy Thomas, anashikilia mkataba unaompa hasara na kuuza ngano iliyokuwa inampa faida, kinyume na kila alichojifunza. Kila anguko linasimuliwa na mtu aliyekwishainuka. Kwa sababu hiyo, hasara hugeuka kuwa karo: malipo yaliyolipwa kwa ajili ya elimu iliyopatikana. Sitiari hii inavutia kwa sababu ni ya kweli kwa msimulizi. Kasoro yake ni kwamba inamhusu yule tu aliyehitimu. Aliyelipa karo na kuondoka bila cheti hana sura katika kitabu.

Aidha, matini inaficha mtaji usiokuwa wa fedha. Baada ya kufilisika na kubaki na madeni, Livingston anapata dalali anayemruhusu kununua hisa 500 kwa mkopo. Anasubiri kwa wiki kadhaa hadi bei inapokaribia 100, kisha anaingia na kuinuka tena. Subira hiyo inasifiwa, na kwa haki. Lakini fursa yenyewe ilitolewa kwa sababu alikuwa mtu maarufu ambaye biashara yake ilimletea dalali kamisheni. Msomaji wa kawaida anaweza kuiga subira. Hawezi kuiga jina.

Maisha ya Livermore yaliendelea baada ya ukurasa wa mwisho. Alitangazwa kufilisika tena mwaka 1934, na Novemba 1940 alijiua. Mhakiki hapaswi kuyatumia matukio haya kuihukumu hadithi iliyoandikwa mwaka 1923. Yanachoonyesha ni kwamba usimulizi wa namna hii hutegemea sana mahali unapokomea. Hadithi ya hasara iliyogeuka elimu inahitaji kuishia kwenye kilele, na mwandishi ndiye anayechagua kilele kipi.

5.0 Way of the Turtle: Mwalimu Anayelipia Somo

Hoja iliyojengwa hadi hapa inaweza kupingwa kwa mfano mmoja mashuhuri. Mwaka 1983 Richard Dennis na William Eckhardt, wafanyabiashara wa mikataba ya baadaye wa Chicago, walibishana kama ufanyaji biashara ni kipaji cha kuzaliwa au ni kitu kinachofundishika. Dennis aliamini kwamba kinafundishika. Walitangaza nafasi magazetini, wakachagua kikundi kidogo kati ya waombaji wengi, wakakifundisha kwa takriban wiki mbili, kisha wakakipeleka sokoni. Baadhi ya wanafunzi, akiwamo Curtis Faith, walipata faida kubwa. Faith aliyaeleza mafunzo hayo katika kitabu chake cha mwaka 2007.

Kanuni zilizofundishwa ni za wazi. Mwanafunzi alinunua bei ilipovuka kiwango cha juu zaidi cha siku 20 zilizopita, au siku 55 katika mfumo wa pili, na aliuza ilipovuka kiwango cha chini. Ukubwa wa kila mkataba ulipimwa kwa wastani wa mtikisiko wa bei wa kila siku, ili mtikisiko mmoja wa kawaida uguse takriban asilimia 1 ya akaunti. Kikomo cha hasara kiliwekwa kwenye umbali wa mitikisiko miwili. Utabiri hauna nafasi hapa. Kinachotakiwa ni utii. Ikumbukwe pia kwamba kipimo cha siku 20, ambacho ndicho kifupi zaidi cha kuingia sokoni kwa wanafunzi hawa, kinaonekana kirefu kwa mtu anayeingia na kutoka ndani ya saa moja.

Je, mfano huu hauthibitishi kwamba mbinu hufundishika? Unathibitisha, kwa sharti ambalo nakala nyingi za kanuni hizo huliacha nje. Fedha zilikuwa za Dennis. Wanafunzi walipata sehemu ya faida, na hasara ilimwangukia mwalimu. Mwalimu alikuwa na sababu ya kuchagua wanafunzi kwa uangalifu, ya kufundisha kwa ukweli, na ya kumwondoa asiyefuata kanuni. Mwaka 1988, baada ya Dennis mwenyewe kupata hasara kubwa, mpango ulifungwa. Wanafunzi walipoteza kazi, hawakupoteza nyumba.

Kanuni hizohizo zinapochapishwa kitabuni, uhusiano huo unageuka. Msomaji anapata maneno ya somo bila mkataba uliolifanya somo liwe salama. Utii unaohitajika kuvumilia hasara kumi mfululizo ni rahisi kiasi kwa mtu anayesimamia fedha za mwingine aliyekwishakubali hasara hizo. Kwa mwenye ada ya shule ya mtoto wake, kanuni ileile ni matini nyingine kabisa.

6.0 Sauti Zisizokuwamo

Watu wanaokosekana katika matini hizi wameanza kuonekana katika takwimu. Watafiti Chague, De-Losso na Giovannetti walifuatilia watu 19,646 walioanza biashara ya siku moja katika mikataba ya baadaye ya fahirisi ya hisa nchini Brazil kati ya mwaka 2013 na 2015. Kati yao, 1,551 waliendelea kwa zaidi ya siku 300 za biashara. Asilimia 97 ya hao walioendelea walipata hasara, na asilimia 1.1 tu walipata zaidi ya kima cha chini cha mshahara wa Brazil. Nchini India, mamlaka ya usimamizi wa masoko ya mitaji, SEBI, ilitangaza Septemba 2024 kwamba asilimia 93 ya watu binafsi waliofanya biashara ya mikataba ya baadaye na ya chaguo za hisa katika miaka mitatu ya fedha iliyoishia Machi 2024 walipata hasara.

Takwimu za Brazil zinagusa moja kwa moja sitiari ya karo. Kama hasara ingekuwa karo, waliodumu zaidi wangekuwa wamejifunza zaidi. Lakini kundi lililopimwa ni la wale hasa waliodumu. Siku 300 ni shule ndefu, na karibu wote walitoka humo wakiwa na hasara. Hii haina maana kwamba hakuna anayefaulu. Ina maana kwamba anayefaulu ni mmoja kati ya wengi, na kwamba yeye ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuandika kitabu. Utanzu huu unachagua wasimulizi wake kwa kuwanyamazisha wengine kwanza.

7.0 Msomaji wa Kiswahili na Upeo wa Matarajio Yake

Suala hili si geni tena katika eneo letu. Julai 2019 Soko la Hisa la Nairobi lilizindua NEXT, soko la mikataba ya baadaye ya hisa na fahirisi. Mafunzo ya biashara ya muda mfupi sasa yanatolewa kwa Kiswahili, na msomaji anayapokea akiwa na upeo wake wa matarajio. Mambo mawili katika upeo huo yanahitaji uangalifu.

La kwanza ni la msamiati. Ada ya mkataba wa chaguo inaweza kumkumbusha Mswahili neno arubuni, yaani malipo ya awali ya kukishika kitu kisiuzwe kwa mwingine. Ulinganisho unafaa kwa sehemu: mnunuzi akighairi, fedha hubaki kwa muuzaji. Lakini mnunuzi asipoghairi, arubuni huhesabiwa ndani ya bei, ilhali ada ya chaguo haihesabiwi kamwe. Zaidi ya hayo, neno hilo lina historia ya mjadala. Wanazuoni wengi wa fiqhi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafii yenye wafuasi wengi katika mwambao wetu, hawakuikubali arubuni ambayo muuzaji hubaki nayo bila kutoa kitu. Madhehebu ya Hanbali waliikubali. Mfasiri anayelitumia neno hilo bila ufafanuzi anaingiza uhakika ambao lugha yenyewe haina. Kwa upande mwingine, mjadala huo wa zamani ni hazina: unaonyesha kwamba swali la nani abaki na fedha ya aliyeshindwa liliulizwa katika mapokeo yetu zamani sana.

La pili ni la kiutanzu. Msomaji wa Kiswahili amelelewa na fasihi ya wasia. Katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama anamwusia binti yake. Mamlaka ya sauti hiyo yanatokana na umri, upendo na ukweli kwamba mtoa wasia hapati chochote mwanawe akikosea. Msomaji aliyezoea sauti ya namna hiyo huiamini sauti ya mwalimu upesi. Katika mafunzo ya biashara, mwalimu anaweza kuwa analipwa kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha, au kupata gawio la kamisheni kwa kila agizo analotoa mwanafunzi, liwe la faida au la hasara. Umbo ni la wasia, uhusiano ni wa udalali. Kazi ya mhakiki ni kuvitenganisha viwili hivyo kabla msomaji hajaweka fedha zake.

8.0 Hitimisho

Uhakiki umeonyesha nafasi tatu za mwenye hasara. Katika Confusión de confusiones yumo ndani ya majibizano, anauliza na anaweza kubisha. Katika Reminiscences of a Stock Operator ni msimulizi mwenyewe, ambaye hasara zake zimesafishwa na mafanikio yaliyofuata. Katika tukio linalosimuliwa na Way of the Turtle ni mwalimu, aliyeweka mtaji wake nyuma ya maneno yake. Ipo nafasi ya nne ambayo matini hizi hazikuikusudia, nayo ndiyo inayokaliwa na watu wengi: ya msomaji aliye nje ya kitabu, anayelipa peke yake.

Matokeo haya yanapendekeza kwamba matini yoyote ya Kiswahili inayofundisha biashara hii ihakikiwe kwa maswali matatu. Je, imemtaja mtu wa upande wa pili wa mkataba? Je, inaonyesha hasara isiyogeuka kuwa ushindi? Je, inaeleza mwalimu anapata nini mwanafunzi anapopoteza? Matini inayoyajibu maswali hayo inaweza kuwa na mbinu chache na bado ikamfaa msomaji. Isiyoyajibu, hata ikiwa na chati mia moja zilizochorwa kwa usahihi, imefundisha upande mmoja tu wa mkataba, na mkataba una pande mbili daima.